Nani Kanisonya?

Mimi mambo mengi navumilia, lakini kusonywa sikubali. Nitukane, nitakujibu. Nipigie kelele, nitakupigia zaidi, na sauti ninayo. Lakini ule msonyo wa kubana midomo na kuvuta mate kwenye meno, mfyuuu!, kama vile mimi ni inzi ndani ya chai yako, hapana. Hapo utanikuta. Mume wangu anajua. Wifi yangu anajua zaidi, maana naye ni hivyo hivyo, na ndiyo sababu watu wa nyumbani wakituona tumekaa sofa moja huanza kuondoa vyombo vya udongo.

Kazi yangu ni vyura. Chumba changu kiko mwisho wa ukumbi wa makumbusho, ukishapita ngozi za ndege na kabla hujafika chooni. Rafu zimepanda hadi darini, kila rafu ina chupa, kila chupa ina chura amelala kwenye spiriti na lebo imefungwa kiunoni. Harufu ya spiriti hunifuata hadi kitandani. Mume wangu anasema amezoea, ila hulala amegeukia dirishani. Kazini wananiita Mama Vyura, na jina nalipenda. Kilichokuwa kinaniuma ni kwamba vyura wote wale ni wa wenyewe. Kila lebo ina jina la mtu aliyemweleza chura huyo kwanza vitabuni, wengine wamekufa hata bibi yangu hajazaliwa, na mimi kazi yangu kufuta vumbi na kuongeza spiriti. Nilitaka wangu. Mmoja tu! Nimweleze mimi, kuanzia ncha ya pua hadi kidole cha mwisho, na jina nimpe mimi.

Na wangu nilikuwa naye, ndiyo uchungu wenyewe. Nilimwokota mlimani, kwenye msitu wa juu kabisa ambako ukungu huingia hadi ndani ya soksi. Jike, mdogo kama ukucha wa dole gumba, rangi ya chai ya maziwa. Nikampeleka kwa bosi, mkuu wa idara yetu, mtu mwema lakini mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Akaweka miwani, akainua chupa kwenye mwanga.

"Huyu ni yule yule wa bondeni," akasema.

"Si yule."

"Mguu ule ule. Jicho lile lile."

"Bosi, moyo wangu unaniambia si yule."

"Jarida la wataalamu halichapishi moyo wako, Mama Vyura. Niletee sauti ya dume."

Hapo alikuwa na haki, nimpe haki yake. Vyura wawili wanaweza kufanana kama mapacha, lakini wakifungua koo kila mmoja ana wimbo wake, na majike hawakosei. Sauti ndiyo kitambulisho. Akaniambia msimu wa ukungu ukiisha sijaleta sauti, ataandika lebo kwa mkono wake mwenyewe, na chupa itakwenda kwenye rafu ya wale wa bondeni. Chupa ikishawekwa rafu ile, ndugu yangu, haifunguliwi tena. Chura wangu angelala pale milele kwa jina la mwingine.

Sasa makumbusho hatukuwa na mtu wa sauti. Mume wangu, akila chakula chake cha jioni bila habari ya hatari, akasema, "Si umchukue dada yangu? Ana likizo."

Dada yake ndiye wifi yangu, fundi wa sauti wa kituo cha redio. Niseme ukweli: kabla hajawa wifi yangu alikuwa rafiki yangu. Tulipokuwa chuoni tulipanga chumba kimoja, tukapokezana viatu, tukalia pamoja kwa ajili ya wanaume ambao leo hata sura zao sizikumbuki. Ni yeye aliyenipeleka kwao siku moja kula chakula cha mchana, nikamkuta kaka yake amekaa mezani anamenya chungwa, na mambo yakawa mambo. Harusi ikapita, urafiki ukageuka uwifi. Wenye mawifi wananielewa. Halafu pakatokea suala la mapazia, ambalo sitaki kulizungumzia.

Nikampigia. "Wifi, utakuja?"

"Nitakuja," akasema. "Lakini usinifokee."

"Nani anafoka?" nikafoka.

Mlima wenyewe ulikuwa na sifa mbaya kazini kwetu. Kila msafara uliopanda ulishuka umegombana. Watu wa idara ya ndege walipanda wanne wakashuka wamegawanyika pande mbili. Dereva wetu na mtaalamu wa mimea, tunayemwita Bwana Majani, walikuwa chanda na pete, mpaka siku walipopanda pamoja kwenda kukusanya majani. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Dereva alimbeba kiti cha nyuma kama gunia, na ukimuuliza kulikoni anajibu, "Muulize yeye." Ukimuuliza yeye, "Muulize yeye." Watu wakasema labda ni hewa ya juu, inapunguza akili.

Dereva alitushusha kwenye kituo cha askari wa msitu. Askari, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufi, alitukaribisha vizuri, akatupa chai, akatubebea na hema. Lakini tulipoingia msituni akatutangulia mbali, tukawa tunaona kofia tu ikipotea kwenye miti.

"Mbona hutungoji?" nikamwita.

"Nyinyi wa mjini nawajua," akajibu bila kugeuka, akaenda zake.

Asubuhi ile ilikuwa tamu. Wifi alivaa hedifoni zake, akaning'iniza kinasa sauti shingoni, akashika maiki yake yenye manyoya kama panya buku, na mara akawa mtu mwingine. Alifumba macho. Alitabasamu. "Wifi," akaninong'oneza, "nasikia konokono anakula." Nikaanza kumpenda tena, haki ya Mungu, nikawaza hata mapazia yale labda hayakuwa mabaya kiasi kile. Tukala mkate wetu kwenye gogo, tukachekana kuhusu viatu vya kupokezana. Halafu ukungu ukaingia.

Uliingia kama mvuke wa sufuria lililofunuliwa. Mara nikawa simwoni tena wifi, naona kofia ya koti lake tu, na yenyewe nusu. Nikamwambia kwa upole, narudia, kwa upole, "Wifi, inua maiki kidogo, wengine hukaa juu ya majani."

Mfyuuu!

Nikasimama. "Wifi."

"Nini?"

"Umenisonya?"

Akavua hedifoni. "Mimi? Ebo! Wewe ndiye umenisonya sasa hivi! Nimevaa hedifoni, msonyo wako umeniingia hadi kwenye ubongo!"

"Sijafungua mdomo wangu!"

"Msonyo unahitaji kufungua mdomo tangu lini?"

Nikameza. Nikajikumbusha chupa, bosi, lebo. Tukaendelea. Akanikanyaga mguu kwenye tope, akasema, "Samahani wifi," na mimi nikasema, "Usijali," nikiwa nimemaanisha kweli.

Mfyuuu!

Tukageukiana kwa pamoja. "Nimekuomba radhi, unanisonya!" "Nimekuambia usijali, unanisonya!" Weee! Acha kabisa. Kila tulipotaka kutulia, mfyuuu!, na kila mmoja anaapa si yeye, na ukungu umetutenga kama pazia. Na kwa kuwa umenikumbusha mapazia, yalitoka. Yalitoka mapazia, ukatoka mwiko wa mama mkwe, ukatoka ule mwaka nilioacha kumwalika kwenye siku ya kuzaliwa ya mtoto wangu. Aliniambia tangu niolewe najiona. Nilimwambia yeye tangu apate kazi redio anazungumza na watu kama anasoma taarifa ya habari. Alinipa vidonge vyangu, nikampa vyake, sote tukameza bila maji.

"Mimi nilikuwa rafiki yako kabla sijawa wifi yako!" nikapiga kelele hadi koo likakwaruza. "Na wewe ndiye uliyesahau!"

Ukaja msonyo mmoja mrefu, mzito, wa kutoka tumboni, ambao sijapata kuusikia mfano wake maishani mwangu.

"Basi rudi mjini!" nikasema. "Rudi kwenye redio yako!"

Akageuka, akashuka mlima, kinasa sauti kikiwa bado shingoni mwake.

Nilikaa kwenye gogo na hasira zangu. Nikajisemea peke yangu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kuhusu ukoo mzima wa mume wangu, hata wale ninaowapenda. Na kwa sababu nilikuwa pale pale natukana hewa, kitu kikanijibu.

Mfyuuu!

"Ukitaka kunisonya rudi unisonye usoni!" nikasimama.

Hakukuwa na mtu. Hatua za wifi zilikwisha kupotea kitambo. Mfyuuu!, ikatoka kushoto. Mfyuuu!, ikajibiwa nyuma yangu, chini, karibu na kiatu. Nikageuka huku, nikasonywa kule. Msitu mzima ulikuwa unanisonya, mbele, nyuma, juu ya majani, kwenye mizizi, kama vile umesikia habari zangu zote na umechoka nazo.

Alaa! Kumbe!

Nikapiga magoti kwenye tope. Nilifunua jani baada ya jani, pumzi nimeibana. Na kwenye jani la gugu moja, wazi kabisa, mchana kweupe, amekaa bwana mkubwa. Ukucha wa dole gumba. Rangi ya chai ya maziwa. Akavimbisha koo kama bablishi ya mtoto, akanitazama jicho kwa jicho, akabana midomo. Najua chura hana midomo ya kubana. Naapa alibana.

Mfyuuu!

"Nisonye tena, baba," nikamwambia.

Akanisonya tena. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye maji. Nikalia, nikacheka, nikajipiga mapaja. Wataalamu wote waliopita pale walitafuta vyura wakati wa giza, kwa tochi, kama tunavyofanya siku zote, na huyu bwana anaimba mchana, kwenye ukungu, kwa sauti ambayo mtu yeyote wa kwetu akiisikia hatafuti chura. Anamtafuta aliyemsonya!

Askari wa msitu alikuja mbio akidhani nimevunjika mguu. Akanikuta nimelala matopeni nacheka, na chura kwenye kiganja. Mfyuuu!, chura akasema. Askari akakaza uso, akafungua mdomo aniambie mimi ni mtu wa aina gani, kisha akaona koo lile dogo likivimba tena. Mfyuuu! Akavua kofia. Akakaa kwenye gogo langu.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema.

"Ni huyu."

"Yule mtaalamu wa ndege nilimnyima chai."

"Ni huyu, kaka yangu."

"Na mke wangu alikuja kunitembelea mara moja tu," akasema, akashika kichwa.

Nilimweka dume wangu kwenye kopo la chakula, nikamtandikia ukoka mbichi, nikatoboa mfuniko matundu ya kupumulia, nikakimbia kuteremka. Kituoni nikakuta wifi ameondoka na dereva. Wameniacha! Sikukasirika hata kidogo, jambo ambalo mume wangu mpaka leo haamini. Kilichonishika ni hofu. Sauti zote za mlimani zilikuwa kwenye kinasa cha wifi. Jarida linataka miito ya porini, ya madume kadhaa, safi, haliwezi kukubali dume mmoja mwenye woga ndani ya kopo. Simu yangu nilijaribu, ikanasa pumzi zangu na mvua. Na askari aliniambia ukungu ule ndio wa mwisho, kesho yake jua lingeanza kuchoma hadi mwaka mwingine. Wifi akifuta sauti zile, chura wangu amekwisha, anakwenda rafu ya bondeni. Na wifi yangu akikasirika hufuta. Aliwahi kufuta picha zote za harusi ya binamu yao kwa sababu ya neno moja kuhusu nywele.

Nilimpigia, hakupokea. Nikampigia mume wangu.

"Jamani, mmefanyana nini?" akasema. "Dada amenipigia analia na kufoka kwa pamoja. Amesema kama bado nina mke basi sina dada."

"Mwambie hatukusonyana!"

"Nani hakusonyana?"

"Ni chura!"

"Mke wangu," akasema polepole, "umekula nini huko?"

Nikadandia lori la mbao, nikaketi juu ya mbao, kopo kifuani, na kila tukipita penye ubaridi bwana mkubwa ananisonya na mimi namwambia vumilia, tunafika.

Kesho yake asubuhi nikaingia kituo cha redio na viatu vyenye tope la mlima. Wifi alikuwa ndani ya studio yenyewe, amepiga magoti chini ya meza anatengeneza waya wa maiki, wimbo ukiwa hewani. Mtangazaji, baba mmoja mwenye tai na sauti ya kinanda, alikuwa anapanga karatasi zake za habari. Nikasukuma mlango.

"Wifi, nisikilize. Si mimi, si wewe."

"Toka," akasema wifi kutoka chini ya meza. "Toka kabla sijaita walinzi. Na ujue ile kazi yako..."

Taa nyekundu ikawaka.

Taa nyekundu ikiwaka, hatoki mtu, haingii mtu, hakohoi mtu. Hata mimi nalijua hilo. Wifi akaganda chini ya meza, mimi nikaganda ukutani, kopo mkononi. Macho yake yalikuwa yananichoma. Mtangazaji akasafisha koo, akaanza kusoma. Na mule ndani, ndugu yangu, kiyoyozi kilikuwa kinapuliza moja kwa moja kwenye kopo langu, baridi kama ya ukungu wa mlimani.

"Waziri amesema," akasoma mtangazaji kwa ile sauti yake, "bei za vyakula zitashuka hivi karibuni."

Mfyuuu!

Mtangazaji akanyanyua macho. Wifi akanyanyua kichwa, akanipiga jicho la kuua. Na hapo akaona. Aliniona mdomo umefungwa. Nikaubana zaidi, nikaunyooshea kidole, midomo imekazwa hadi inauma.

"Waziri akaongeza kuwa wananchi hawana sababu ya kulalamika."

Mfyuuu!

Mdomo wangu haukutikisika. Nikafunua mfuniko kidogo, nikamwonyesha. Wifi akatambaa kutoka chini ya meza kwa magoti, akachungulia kopo. Bwana mkubwa akavimbisha bablishi yake. Waziri akaahidi barabara. Mfyuuu! Nilimwona wifi yangu akiweka ngumi nzima mdomoni. Machozi yakamtiririka. Mabega yakamruka. Nikamtazama nikajua nikicheka nitalala rumande, nikajibana ubavu, na yeye akanishika mkono, tukashikana pale sakafuni kama wasichana wa chuo walioficha kitu chini ya kitanda, huku mtangazaji anasoma habari za hali ya hewa kwa jasho jembamba.

Taa ilipozimika tulianguka. Sina neno lingine. Tulianguka kwenye zulia la studio tukalia kwa kicheko hadi mtangazaji akatuletea maji, na simu zikaanza kuingia. Wasikilizaji walikuwa wanakipongeza kituo. Mmoja alisema hajawahi kusikia habari zikisomwa kwa ukweli namna ile.

"Umefuta?" nikamuuliza wifi nilipoweza kupumua.

"Nifute? Niliiweka ushahidi," akasema, akipangusa macho. "Nilitaka kumpelekea kaka asikie anavyosonywa dada yake."

Nikambusu kwenye paji la uso, tope na yote.

Kazi ya kupima miito tuliifanya nyumbani kwangu, mezani, chini ya mapazia. Kwenye kompyuta ya wifi kila msonyo ulijichora kama mkia wa paka. Shida ni kwamba ugomvi wetu mzima ulikuwa ndani humo, wazi kama redio. Ilibidi tuusikilize mwanzo mwisho. Kati ya "na wewe na mwiko wako" na "tangu uolewe" mlikuwa na miito mitatu safi kabisa. Mume wangu alipita na kikombe cha chai, akasikia alivyotajwa, akarudi alikotoka.

Bosi alisikiliza mara moja tu. Akavua miwani. "Hii siyo sauti ya wa bondeni," akasema.

"Siyo."

"Hii ni..." Akatafuta neno la kitaalamu, akalikosa. "Huyu anasonya!"

Nilikimbia ukumbini kama mtoto aliyefunga shule. Nikamkamata dereva, nikamburuta hadi chumba cha mimea, nikawasimamisha yeye na Bwana Majani mbele ya kompyuta, nikabonyeza. Mfyuuu! Walitazamana. Dereva akasema, "Nilikuwa nimekuletea maji ya kunywa." Bwana Majani akasema, "Nilikuwa nimekuambia asante." Kisha wakaanza kugombana nani amlipie mwenzake chai, na ugomvi huo hadi leo haujaisha.

Makala tukaipeleka kwenye jarida, mimi na wifi, majina yetu mawili juu. Jina la chura nililitoa kwenye neno lenyewe, chura msonyaji, na Kilatini chake tukakitengeneza humo humo. Nilitaka kumpa jina la wifi. Akakataa katakata. "Dunia nzima inikumbuke kwa kusonya? Thubutu!"

Majibu yakaja. Mhakiki mmoja wa mbali huko, asiyejua kusonya wala kusonywa, aliisifu kazi, akawa na swali moja tu. Wito wa kumi na moja, aliandika, ni mrefu mara tatu kuliko mingine na ni mzito zaidi. Je, waandishi wamefikiria kwamba huenda msitu huo una spishi ya pili, kubwa zaidi, isiyojulikana?

Ya pili! Nilipiga vigelegele hadi watu wa ngozi za ndege wakatoka nje. Niliyetaka mmoja napewa wawili! Nikamwambia bosi, bosi akaanza kutafuta gari la msimu ujao. Nikamwambia askari wa msitu kwa simu, akasema atamtafuta kila siku, na mke wake, ambaye sasa amehamia huko, atamsaidia. Nikanunua kopo kubwa zaidi. Jioni nikamkuta wifi amekaa jikoni kwangu, nikamshika mikono nikamzungusha. Hakucheza. Alikuwa ametulia kama mtu aliyevunja glasi.

"Wifi," akasema. "Kaa kwanza."

"Sikai! Ya pili, wifi! Dume kubwa!"

"Si dume."

"Umejuaje?"

"Ni mimi."

Nikakaa.

"Mingine yote ni vyura," akasema haraka haraka. "Naapa. Ila huo wa kumi na moja ni wangu. Uliposema ulikuwa rafiki yangu kabla hujawa wifi yangu, na mimi ndiye niliyesahau. Nikaona nitalia mbele yako, na nilikuwa nimekwisha kusema maneno mengi, nitaliaje? Basi nikasonya ili nisilie." Akachezea ncha ya kitambaa cha meza. "Sikuwa nimesahau. Hata siku moja."

Sikuweza kusema neno, na mtu anayenijua atakuambia hilo nalo ni ugunduzi. Nilimkumbatia pale pale kwenye kiti, tukalia sote wawili, na safari hii hakuna aliyejizuia. Mume wangu aliingia, akatuona, akaondoa bakuli la udongo mezani kwa mazoea.

Nikafungua kompyuta nikamjibu mhakiki. Jibu langu lilichapishwa jinsi lilivyo, kwa herufi ndogo, chini ya ukurasa wa mwisho, na makala ilipofika wifi aliisoma kwa sauti yake ya taarifa ya habari, amesimama katikati ya chumba changu, chupa ya chura wetu mkononi, lebo mpya kiunoni.

"'Wito wa kumi na moja umeondolewa kwenye vipimo,'" akasoma. "'Aliyeutoa ametambuliwa. Ni wa spishi iliyokwisha kuelezwa, ambayo mwandishi wa kwanza anaifahamu vizuri na amewahi kuishi nayo chumba kimoja.'"

Akashusha karatasi. Akanitazama.

Mfyuuu!

Safari hii niliuona mdomo wake kwa macho yangu mawili, na nikakubali.